Kuongeza nguvu ya motokari hakuue garanti yote

Batu bengi hapa Goma banasema eti ukibadilisha tu filta ya hewa ao bomba ya moshi kwenye motokari mupya, garanti yote imekufa. Si vile hata kidogo. Kule Marekani kuko sheria ya 1975, Magnuson-Moss, yenye inakataza fabrika kukatala kukutengenezea juu tu uliweka piesi ya fabrika ingine, inapaswa ionyeshe kwamba ile piesi ndiyo ilileta shida. Umeweka bomba mupya kisha kiyo ya mulango inakatala kushuka? Ile haina uhusiano, banatengeneza.

Lakini ukiprogramu upya kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa nguvu, kisha pistoni ipasuke, hapo utalipa mwenyewe, na kompyuta za sasa nyingi zinabakisha alama hata ukirudisha programu ya zamani.

Ile sheria haifike Goma lakini, ndugu. Huku soma karatasi ya garanti yenye muuzaji alikupa, uliza mbele ya kufunga piesi, akupe jibu kwa maandishi, na uchunge fakitire zote. Motokari ya okazyo mara mingi haikuyake na garanti ya fabrika, basi uogope zaidi mekanisye mubaya kuliko kupoteza garanti.