Moyo ulioshindwa kusukuma damu hauponi kwa kulala tu

Katika mitaa mingi ya Mwanza, kuanzia Igogo hadi Kirumba, mtu akishaambiwa kwamba moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo, ndugu humtandikia godoro na kumkataza hata kwenda uani, wakiamini kwamba moyo uliochoka unahitaji kitanda tu. Imani hiyo haikuzuka mtaani. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliagiza hivyo.

Leo inajulikana kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia hunufaika na kutembea taratibu kila siku, kwani misuli isiyotumika hudhoofika na kumchosha upesi zaidi, na kulala muda mrefu huchangia damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Anayehema akiwa amelala, au aliyeongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, huyo anahitaji daktari kwanza.

Ugumu huongezeka pale mgonjwa huyohuyo anapokuwa na kisukari au figo dhaifu, maana dawa ya kukojoza inayopunguza uvimbe huweza kuzielemea figo, hivyo damu hupimwa mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Hapo familia husaidia zaidi kwa mzani wa kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, na kwa kuepuka samaki wa chumvi. Diklofenaki ya maumivu ya goti, ambayo wengi hujinunulia dukani, huufanya mwili ubaki na chumvi na maji, na inaweza kumrudisha mgonjwa wodini.