Nyumba za vibarua wa mashambani Uingereza: uzuri wa paa na masharti ya mlango

Barabara ya kijiji cha Milton Abbas, katika jimbo la Dorset kusini mwa Uingereza, inateremka polepole bondeni. Kando zake zimepangana nyumba 36 nyeupe zilizoezekwa kwa nyasi, zinafanana kama mapacha. Wageni hupiga picha wakaondoka wamefurahi. Sisi tunaoelimisha umma kuhusu majengo ya kale tunatamani waondoke wakijua pia kwamba kijiji hiki kilijengwa ili mji mwingine upate kufutwa.

Mji huo uliitwa Middleton. Ulikuwa na soko na shule, na ulikaa ubavuni mwa abasia kongwe, yaani makao ya zamani ya watawa. Mwaka 1752 Joseph Damer, kabaila aliyekuja kuitwa Lodi Milton, aliinunua abasia pamoja na ardhi yake, akaona mji unamharibia mandhari. Akaubomoa hatua kwa hatua. Mnamo 1780 hivi wakazi walihamishiwa kijiji kipya, mahali ambapo hawangeonekana kutoka kwenye jumba lake. Kazi hiyo walishirikishwa William Chambers, mbunifu wa majengo, na Capability Brown, bingwa wa bustani. Kila nyumba ilikusudiwa familia mbili.

Sogea karibu utazame ukuta. Ni udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, ukajengwa kwa matabaka, kila tabaka likiachwa likauke kwanza. Mafundi wa kusini mwa Uingereza husema ukuta wa namna hii unataka kofia nzuri na buti nzuri: paa lililotokeza nje, na msingi wa mawe. Na unataka chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu hukosa pa kutokea, udongo ukalainika kwa ndani bila mtu kuona. Nyumba nyingi za aina hii zimeharibiwa na ukarabati uliofanywa kwa nia njema kabisa.

Si makabaila wote waliojenga. Wengi walipendelea kubomoa, na sababu ilikuwa kodi. Kila parokia, yaani eneo dogo la utawala, ilitunza maskini wake kwa kodi ya ardhi na majengo iliyotozwa humo humo. Vibarua wachache wenye makazi, mzigo mdogo. Kibarua akalala kijiji cha mbali na kutembea maili kadhaa alfajiri kwenda kulima. Sheria ya mwaka 1865 ilihamishia gharama hiyo kwenye muungano wa parokia, na faida ya kubomoa ikatoweka.

Waliojenga kwa wingi walikuwepo pia. Duke wa saba wa Bedford, kabaila mwenye cheo cha juu, alijenga mamia ya nyumba za matofali katika mashamba yake katikati ya karne ya 19, na mwaka 1849 alichapisha maelezo yake kuhusu makazi ya vibarua. Ukipita vijiji vilivyo karibu na Woburn, palipo na jumba la ukoo wake, inua macho: ukutani utaona herufi B, taji juu yake, na mwaka wa ujenzi.

Herufi ile ilimkumbusha mpangaji nyumba ni ya nani. Kwa vibarua wengi wa mashamba Uingereza, nyumba ilikwenda na kazi. Mtu akifukuzwa, akizeeka au akifa, familia yake ingeweza kuamriwa ihame. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa mashambani dhidi ya kutolewa hivyo ilipitishwa mwaka 1976.