Rekodi za ardhi kwenye kompyuta: dhana potofu na ukweli

Masajala ya ardhi yanahama kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, na ni jambo jema. Karatasi huloa, huungua, huchomolewa ukurasa na mtu aliyehongwa. Lakini mabadiliko haya yameleta imani zinazowafanya watu watoe akiba ya maisha yao kwa mtu asiye na ardhi ya kuuza.

Dhana: Rekodi ikishaingia kwenye mfumo ni sahihi

Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Kompyuta hupokea kilichokuwamo kwenye jalada. Kama hati mbili zilitolewa kwa kiwanja kimoja, au barabara ya umma iligawiwa mtu binafsi, skana huhamisha kasoro hiyo kama ilivyo na kuipa sura safi zaidi.

Chukua Kenya. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa rushwa. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda hati ambayo chimbuko lake lilikuwa na dosari. Aliyeshindwa hakuwa mgawiwa wa kwanza, alinunua baadaye.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina la mmiliki wa leo. Uliza aliyemtangulia aliipataje, na wa kabla yake, mpaka ufike kwenye ugawaji wa kwanza na ramani ya upimaji iliyoambatana nao. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo uhakiki wenyewe.

Dhana: Mwenye karatasi ndiye mwenye ardhi

Inategemea nchi. Mwaka 1858 Australia Kusini ilipitisha sheria iliyoasisiwa na Robert Torrens: kuandikwa kwenye daftari la serikali ndiko kunakompa mtu umiliki. England na Wales zimefika mbali zaidi, kwani tangu Oktoba 2003 cheti cha ardhi hakina nguvu ya kisheria. Kinachohesabika ni daftari. Marekani, kwa sehemu kubwa, ofisi ya serikali huhifadhi tu nyaraka za mauzo bila kuthibitisha nani mmiliki, ndiyo maana wanunuzi hukata bima ya umiliki. Ukijua nchi yako inafuata mfumo upi, utajua karatasi unayoonyeshwa ina uzito gani.

Dhana: Teknolojia inayobeba Bitcoin itamaliza ulaghai

Teknolojia hiyo, iliyo nyuma ya sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, huitwa blockchain: daftari la kompyuta lenye nakala nyingi, ambalo kilichokwisha kuandikwa humo hakibadilishwi kimyakimya. Georgia, nchi ya Kaukasi, ilianza kuitumia kwenye usajili wa ardhi mwaka 2016. Faida yake ni ya kweli: hati ikibadilishwa kisirisiri baada ya kusajiliwa, itagundulika. Ila tapeli aliyesajiliwa kwa kitambulisho cha kughushi naye atalindwa vilevile.

Dhana: Upekuzi wa mtandaoni unatosha

Hautoshi. Utakuonyesha jina lililosajiliwa, na mara nyingi rehani na zuio. Hautakuonyesha mjane anayeishi humo, wala ukuta wa jirani uliosogezwa. Nenda na mpima ardhi, kagua alama za mipaka, zungumza na majirani muuzaji akiwa hayupo. Matokeo ya upekuzi yachukue mwenyewe kwenye mfumo rasmi, kamwe si picha kutoka simu ya dalali, kisha rudia siku ya kulipa, maana rehani inaweza kuandikwa baada ya upekuzi wa kwanza.

Dhana: Nchi ikishasajili ardhi yote, kazi imekwisha

Rwanda ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 katika miaka michache tu, ikitumia picha za angani na majirani waliosimama mipakani kushuhudia. Nalihesabu zoezi hilo kuwa moja ya mafanikio makubwa ya utawala wa ardhi popote duniani. Hata hivyo, mauzo na urithi vikimalizikia nyumbani bila kuandikishwa, daftari huanza tena kuachana na hali ilivyo shambani. Serikali zinazonunua kompyuta na kuacha ada za uhamisho zikiwa juu zinaliandaa tatizo hilo zenyewe. Nawe, kama jina lililo kwenye mfumo bado ni la marehemu babu yako, anza na mirathi kabla ya kutafuta mnunuzi.