Soksi ya waya: joto inalolizuia na joto inalolifungia ndani

Pasi ya umeme ikiletwa mezani kwangu imekufa, nikishafungua kifuniko cha nyuma sianzi na koili wala thamostati. Natazama kwanza kama soksi bado zipo. Ni vipande viwili au vitatu vya kitambaa, vyeupe au vya njano, urefu wa kidole, vimesukwa kwa mviringo na kuacha tundu katikati, na humo tunduni ndimo unamopita waya unaokwenda kwenye koili. Pasi ambayo haijaguswa na mtu utazikuta. Pasi iliyopita kwa mafundi wawili watatu, mara nyingi huzikuti tena. Mahali pake pamezungushiwa tepu nyeusi, nayo imeshayeyuka na kunata kama bablishi iliyotafunwa.

Mimi ni mkufunzi wa umeme katika chuo cha ufundi hapa Mbeya. Soksi ni jina letu la karakana, kwa sababu waya unavishwa hivyo hivyo, kuanzia kidoleni. Kila duka lina jina lake, kwa hiyo ukienda kununua beba kipande mkononi. Nimeamua kuandika kwa sababu watu wanaotuletea maswali wamegawanyika makundi mawili: wale wanaoitupa soksi wakidhani ni pambo la kiwandani, na wale waliokwisha kuijua wakaanza kuiamini kupita kiasi. Kundi la pili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi.

Tuanze na waya wenyewe. Ganda la waya wa kawaida wa nyumbani ni plastiki aina ya PVC, na limetengenezwa ili shaba iliyo ndani isizidi nyuzijoto 70 katika kazi ya kila siku. Sahani ya pasi ikiwekwa kwenye alama ya pamba hufika karibu nyuzijoto 200. Hapo hakuna ubishi tena. PVC ikipashwa kupita kiasi hulainika, kisha kadiri siku zinavyokwenda vile vilainishi vyake huvukizwa, ganda linakauka na kupasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Ikiungua kabisa hutoa moshi wenye tindikali, ule unaochoma macho na koo kabla hujajua umetokea wapi. Tepu nyeusi nayo ni PVC ile ile, na nyingi huandikwa nyuzijoto 80. Kuitoa soksi ya kioo ukaweka tepu ni kumvua mtu koti la mvua ukampa gazeti.

Naam, nimesema kioo. Soksi nyingi za joto zimesukwa kwa nyuzi za kioo, yaani fibaglasi: kioo kilichoyeyushwa na kuvutwa kikawa chembamba kuliko unywele, hata kikapinda bila kuvunjika. Aliyewahi kukaa na akina mama wa Iringa wanaosuka vikapu vya milulu ataelewa umbo lake upesi. Ni kama kikapu kirefu kisicho na kitako. Nyuzi zimepishana kwa mshazari, hivyo ukiisukuma soksi kutoka ncha mbili inanenepa, ukiivuta inajibana. Ndiyo maana unaweza kuipitisha juu ya kichwa cha waya chenye lagi, yaani kile kipande cha chuma cha kufungia waya, halafu ukaivuta ikashika waya mwembamba. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huicheza saa nzima, nami huwaacha, kwa sababu mkono ukishaujua msuko hauhitaji tena kuelezwa.

Kioo hicho kikiwa kitupu huvumilia nyuzijoto 500 na zaidi kidogo. Lakini kikiwa kitupu hufumuka kila kinapokatwa, na hunywa maji na mafuta. Kwa hiyo viwanda hukipaka kitu juu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kioo kilichopakwa akriliki huwekwa kwenye daraja la nyuzijoto 155. Kilichopakwa mpira wa silikoni hufika karibu 200, kutegemea mtengenezaji. Kilichopakwa PVC kinarudi kwenye nyuzijoto 105 hivi, ingawa ndani yake ni kioo kile kile. Soksi inahukumiwa kwa kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndani yake. Muuzaji akikuambia "hii ni fibaglasi, inakaa mpaka 500", muulize imepakwa nini. Kama hajui, tafuta namba iliyochapwa kwenye bando. Rangi haithibitishi chochote.

Halafu kuna soksi nyeusi za kung'aa kidogo, nyepesi, za bei rahisi, zilizosukwa kwa nyuzi za polyesta. Zinafaa sana kufunga nyaya pamoja na kuzuia msuguano. Huvumilia nyuzijoto 125 hadi 150 na huyeyuka karibu na 250. Mtu akizivisha kwenye waya ulio jirani na egzosi atakuwa ameongeza plastiki nyingine ya kuyeyuka.

Kuzitofautisha ni kazi ya kiberiti. Kata kipande cha sentimita mbili, toka nje, mbali na mafuta, kishike kwa koleo na uwashe njiti chini yake. Polyesta hujikunja, inayeyuka, inadondoka tone la moto. Ukiwa umevaa ndala utalikumbuka tone hilo. Kioo hakidondoki. Mpako wake unaweza kuungua kwa muda mfupi, na kama ni silikoni utaacha majivu meupe badala ya masizi matupu, halafu nyuzi zenyewe zinabaki pale pale, zimekakamaa kidogo, na msuko bado unaonekana. Jaribio hili halikwambii daraja la joto. Linakwambia tu kama umeuziwa kioo au plastiki, na kwa shilingi chache za njiti hilo linatosha.

Sasa twende barabarani, kwa sababu katika nyanda hizi za juu kusini soksi hizi zinahitajika kwenye malori kuliko kwenye pasi. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma linapanda Kitonga kwa gia ndogo na mzigo kamili, na kabla halijaingia Mbeya mjini kuna Inyala na Mlima Nyoka. Katika mpando wa namna hiyo moshi wa injini ya dizeli unaweza kupita nyuzijoto 500 pale unapotoka kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Upepo wa kupoza nao ni mdogo kwa sababu gari linatambaa. Waya uliokaa salama tambarare ya Morogoro unaanza kuiva Kitonga.

Waya ninaouogopa kuliko wote kwenye lori ni ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Nyaya nyingine zina fyuzi. Huu kwa kawaida hauna, maana stata inavuta mamia ya ampea na fyuzi ya kuvumilia hivyo ni shughuli nyingine. Ganda lake likilika kwa kusuguana na chuma, au likilainika kwa joto hadi shaba ikagusa bodi, betri inamwaga umeme wake wote pale pale, bila kitu cha kuukata. Nimewahi kuletewa waya kama huo na dereva mmoja. Urefu wa kiganja, ganda lilikuwa limekuwa kahawia, kisha jeusi, kisha halipo. Nyuzi za shaba zilikuwa zimeungana na kuwa kipande kimoja chenye kichwa cha mviringo kama msumari uliopigwa nyundo. Sentimita kumi tu kutoka hapo waya ulikuwa mpya kabisa, hata maandishi yanasomeka.

Hizo sentimita kumi ndizo dawa ya kwanza, kabla ya soksi yoyote. Sogeza waya. Ufunge upande wa pili wa fremu, uongezee klipu moja, uuzungushe nyuma ya bomba badala ya mbele. Joto la chuma chekundu hupungua sana ukikaa mbali nalo kidogo, na hewa inayopita katikati ni kinga isiyouzwa. Soksi ni ya mahali ambapo waya hauna njia nyingine. Hapo vaa ya kioo yenye silikoni, au ile yenye karatasi ya alumini kwa nje inayolirudisha joto la mng'ao lilikotoka. Ipite sehemu ya moto kwa kila upande. Mimi huacha sentimita tano au zaidi. Usiifunge kwa tai za plastiki za kawaida, maana nailoni yake kwa kawaida imeandikwa nyuzijoto 85 na itakatika kabla ya safari ya tatu. Tumia tai za chuma cha pua. Na ile ya alumini isikaribie terminali iliyo wazi, kwani alumini inapitisha umeme.

Jambo moja kuhusu mafuta. Soksi ya kioo isiyopakwa ikilowa dizeli au oili inageuka utambi. Kioo chenyewe hakiungui, lakini utambi wa koroboi nao haufanyi kazi kwa kuungua wenyewe. Unapandisha mafuta tu. Ukiona soksi imelowa, usiifute. Itupe, tafuta panapovuja, ndipo uvae nyingine.

Nimesema kundi la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, alikuja chuoni mama mmoja mwenye mgahawa. Alikuwa na eksitensheni aliyoiunganishia hita na birika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Waya wangu unapata moto mpaka mkono haukai. Mwanangu aliyesoma hapa kaniambia mna soksi za kuzuia joto. Nipatie mita mbili niuvishe."

Nilimwomba aniruhusu niushike. Kweli ulikuwa bado vuguvugu, na alikuwa ametoka nao mgahawani, mwendo wa dakika ishirini, ukiwa umekunjwa ndani ya mfuko. Mfuko ndio uliokuwa umelitunza lile joto. Nikamwambia, "Mama, mtoto wako akiwa na homa, unamfunika blanketi tatu ili asiwe na moto?" Akacheka, akasema mimi si wa kwanza kumkatalia biashara siku hiyo.

Soksi haijui joto linatoka upande gani. Kazi yake ni kulichelewesha lisipite. Joto likiwa nje, kwenye manifoldi au kwenye koili, waya unanufaika. Joto likiwa linazaliwa ndani ya waya wenyewe kwa sababu umebebeshwa mzigo mkubwa, soksi inalifungia ndani pamoja na shaba. Na joto la ndani hukua vibaya: umeme unaopita ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Hita ya wati 2000 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Ongeza birika la wati kama hizo kwenye waya ule ule na umevuka ampea 17, kwenye eksitensheni ambayo pengine imetengenezwa kwa 10.

Wanaopanga nyaya za majengo wana namba za jambo hili. Waya wa PVC wa nyuzijoto 70 hukadiriwa kwa hewa ya nyuzijoto 30. Hewa inayouzunguka ikiwa 40, uwezo wake unazidishwa kwa 0.87, ikiwa 50, kwa 0.71, ikiwa 60, unabaki nusu. Kwa hiyo waya wa ampea 20 ukiupitisha juu ya kikaushio cha chai, mahali penye hewa ya nyuzijoto 50, huo ni waya wa ampea 14. Na waya uliozungukwa kabisa na kizuia joto kinene kwa urefu wa nusu mita au zaidi nao hukatwa nusu ya uwezo wake. Soksi nyembamba haifiki ukali huo, lakini mwelekeo ni huo huo. Kwa hiyo mahali pa joto kwanza chagua waya mnene zaidi, au wenye ganda la silikoni, kisha ndipo uufikirie uvae nini. Mama wa mgahawa aliondoka na ushauri wa soketi mbili tofauti na jina la aina ya waya. Kazi ya kuziweka nilimwambia ampe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si mwanawe, hata kama nilimfundisha mimi.

Kwa mafundi wa viwanda vya chai huko Rungwe na Mufindi, na wa mbao kule Mafinga, neno la ziada. Ukikata soksi ya kioo, zungushia tepu ya karatasi mahali pa kukata kwanza, ukate katikati ya tepu kwa mkasi mkali, vinginevyo itafumuka mikononi. Vaa glavu na miwani. Vinyuzi vikikuingia kwenye ngozi usisugue, maana kusugua ndiko kunakovizamisha. Mwagia maji mengi ya baridi, na nguo zako uzifue peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Na kama unafungua boila au tanuri la zamani ukakuta waya umevishwa kitambaa cha kijivu cheupe kinachotoa unga ukikigusa, simama hapo. Si kila kitambaa cheupe ni kioo. Zamani kazi hii ilifanywa na asbesto, na vumbi lake husababisha kansa ya mapafu inayojitokeza miaka mingi baada ya kazi kusahaulika. Usikikate, usikipulize kwa kompresa, usikifagie kikiwa kikavu. Funga mlango, waondoe wenzako, na mwambie msimamizi awasiliane na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla mtu mwingine hajaingia na bisibisi.