Udongo mchachu si udongo wa chumvi

Kila panapofukiwa shimo la mgodi na miche ikanyauka, utasikia: "Udongo ule una chumvi." Mara nyingi sivyo. Udongo ule umechacha.

Uchachu ni wingi wa asidi, nao hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu, na kila namba moja unayoshuka ukali huzidi mara 10.

Neno lenyewe latokana na kuchacha, ndiyo maana nalipenda kuliko "tindikali". Uji hauchachi kwa kumwagiwa kitu. Hukaa, ukafanya kazi ndani kwa ndani, na kesho ukawa mkali kuliko leo. Magwangala, yaani vifusi vya mawe vinavyotupwa, ya machimbo mengi ya dhahabu hufanya hivyohivyo. Mna pairaiti ndani yake, vile vipande vya manjano vinavyong'aa ambavyo mgeni hudhani ni dhahabu. Chini ya ardhi vimetulia. Vikiletwa juu, vikapata hewa na mvua, salfa yake hugeuka asidi, ile ile ya betri za magari, na maji yanayochuruzika chini ya kifusi huwa na rangi ya kutu.

Chumvi humnyima mmea maji. Uchachu una njia yake: pH ikishuka chini ya 5 hivi, alumini iliyofungwa udongoni huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Ng'oa mche wa mahindi uutazame: mizizi mifupi, minene, haina vijimzizi vya pembeni.

Kinachowachanganya watu ni ule unga mweupe wa kiangazi. Ni chumvi kweli, lakini imezaliwa na asidi hiyohiyo. Ukiuosha utaondoka, pairaiti itabaki, itengeneze mwingine. Ndiyo maana chokaa ya kuzimua uchachu haipimwi kwa pH ya leo peke yake. Kwa kila asilimia 1 ya uzito wa kifusi iliyo salfa ya pairaiti, tani 1,000 za kifusi hicho zahitaji tani 31 hivi za mawe ya chokaa yaliyosagwa.

Kule Bamburi, Mombasa, ambako mivinje ilianza kupandwa mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji, ardhi ni mwamba wa matumbawe, yaani chokaa tupu, na maji ya chini yana chumvi. Pale ukisema "chumvi" sitakubishia. Kwenye magwangala, tafadhali, pima kwanza. Ikisoma 4, sema umechacha.