Je, wajua? Kwa nini likizo ya siku 28 huisha upesi kuliko ulivyohesabu

Mfanyakazi wa duka la Kariakoo anayepumzika Jumapili tu akipewa likizo ya siku 28, huanza kuzitoa Jumapili kwenye kalenda na kujipangia karibu wiki tano kijijini. Kazini anatakiwa baada ya wiki nne kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara (wanajeshi, polisi, magereza na JKT hawamo), inasema siku 28 mfululizo. Jumapili imo, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo.

Ndiyo maana tarehe ya kuanza ina uzito. Chukua mtu wa ofisini Posta, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Likizo ya kuanzia 8 Septemba 2025 iliishia 5 Oktoba bila sikukuu hata moja, kwa hiyo alipumzika siku 20 za kazi. Mwenzake aliyeanza 15 Desemba aliishia 11 Januari 2026. Krismasi, siku inayoifuata na Mwaka Mpya zilimezwa, akabaki na siku 17. Kilichomfariji ni Mapinduzi, 12 Januari: iliangukia siku moja baada ya likizo, ikawa yake bure. Bila shaka wengi wataendelea kuchagua Desemba, maana ndugu wote wako nyumbani.

Kinachozua ugomvi zaidi ni ruhusa. Siku ulizoomba mwenyewe katikati ya mwaka na ukalipwa, mwajiri anaweza kuzikata kwenye 28. Ugonjwa ni habari nyingine: una fungu lake la siku 126 katika miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa hiyo cheti cha daktari kipeleke mapema na ubaki na nakala, kwani bila hicho homa ya siku tatu inaweza kuandikwa kama ruhusa.

Mwaka wa likizo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ulipoajiriwa, si tangu Januari. Tarehe ya kwenda anapanga mwajiri, ila asivuke miezi sita baada ya mwaka huo kuisha. Kwa ridhaa yako, na kazi ikilazimu, hadi 12. Mshahara wa siku hizo unatakiwa ulipwe kabla hujaondoka. Wengi hawalijui hili, hupanda basi Mbezi na nauli ya kukopa.

Na ukiacha kazi katikati ya mwaka? Unalipwa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Gawanya 365 kwa 28 utaona 13 ilikotoka. Mwenye siku 130 tangu mwaka wake mpya uanze anadai malipo ya siku 10.