Paketi iko njiani, sheria zinabadilika

Mtu akiniuliza SDN (software-defined networking, mtandao unaoongozwa na programu) ni nini huwa namjibu kifupi: zamani kila swichi na kila ruta (vifaa vya kupitisha data mtandaoni) ilijiamulia yenyewe, sasa uamuzi tumeutoa tukauweka sehemu moja kwenye programu inayoitwa kontrola, na swichi zimebaki kutii sheria, paketi (kipande cha data) ya namna hii pitisha poti hii, ya namna ile tupa. OpenFlow, lugha ambayo kontrola inazungumza na swichi, iliyotoka Stanford mwaka 2008 ndo ilifungua njia, halafu 2013 Google wakaonyesha kwamba B4, mtandao wao unaounganisha vituo vyao vya data, unaendeshwa hivyo, na ubishi kwamba haya ni mambo ya maabara tu ukapungua sana.

Ila wengi wanadhani kazi ngumu ni kuandika sheria. Hapana jamani, kazi ni kuzibadilisha huku paketi zinapita.

Nilijenga mtandao mdogo kwenye laptop kwa Mininet, programu ya kuigiza mtandao, swichi tatu, kila moja imeungana na wenzake. Paketi zinaingia swichi ya kwanza, zinaenda ya pili, zinafika ya tatu, hapo zinatoka kwenda kwa seva, ambayo ina kebo nyingine kwenye swichi ya kwanza. Sasa nataka kuchomoa kebo ya swichi ya tatu na seva, kwa hiyo kontrola inatuma jumbe mbili: wewe wa tatu rudisha paketi kwa wa kwanza, na wewe wa kwanza peleka kwa seva moja kwa moja. Zote mbili ziko sahihi. Nikauchelewesha ule wa swichi ya kwanza nusu sekunde tu, nikakaa kuangalia tcpdump, programu inayoonyesha paketi zinazopita. Ping (paketi ya kupima njia) namba 41 ikapita, ikapita tena, ikapita tena, mistari inashuka mpaka husomi, paketi ile ile inazunguka moja mbili tatu moja mbili tatu, kwa sababu sheria ya OpenFlow haipunguzi TTL (hesabu ndani ya paketi, ikifika sifuri paketi inatupwa) mpaka uiagize, na hizi hazikuwa na agizo hilo. Sheria za zamani hazina kosa, mpya hazina kosa, kosa ni zilivyochanganyika.

Mwaka 2012 watafiti Reitblatt, Foster, Rexford na wenzao walitoa dawa ninayoipenda mpaka leo. Paketi inapoingia mtandaoni inapigwa muhuri wa toleo, sheria mpya zinawekwa kimyakimya swichi za ndani zikisubiri muhuri namba 2, zikishakaa zote ndo swichi za mlangoni zinaanza kugonga 2, na za zamani zinafutwa baadaye paketi za muhuri 1 zikishaisha njiani. Kila paketi inafuata sheria za zamani tupu au mpya tupu.

Gharama ipo, kwa muda unabeba sheria mara mbili, na memori ya TCAM inayozishika ndani ya swichi ni ghali, inakula umeme na ni ndogo.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni hili: kontrola inajua sheria imekaa kwa kuiuliza swichi, na watafiti waliopima swichi halisi walikuta baadhi zinajibu "tayari" wakati sheria haijafika kwenye chipu. Hapo muhuri wote unakuwa hauna maana. Kwa hiyo kwenye kodi ninayoandika sasa hivi jibu la swichi halitoshi, kontrola inarusha paketi ya majaribio yenye muhuri mpya, na mpaka ionekane imetokea upande wa pili, mlangoni wanaendelea kugonga 1.